Sare ya Nottingham: hatua 20 ambazo wengi wanakopi na wachache wanasoma

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao mungali kwenye viti vya universite,

Kuna lalamiko moja ambalo halikosi kwenye meza ya sataranji, ule mchezo wengi wetu tunauita esheki. Mtu anaonyeshwa mchezo wa mabingwa, anafuata hatua moja moja mpaka mwisho, kiisha anauliza: "Sasa nani alishinda?" Ukimjibu ilikuwa sare, anakunja uso. "Basi tulikuwa tunaangalia nini?" Kwake yeye sare ni sawa na kazi bila mshahara.

Leo ninataka kuitetea sare moja. Kiisha, kabla ya kumaliza, nitaishtaki pia, juu inastahili yote mawili.

Mchezo wenyewe ni wa Alexander Alekhine na Mikhail Botvinnik, uliochezwa Nottingham, Uingereza, mwezi wa nane 1936. Alekhine alikuwa na kete nyeupe, Botvinnik nyeusi. Ulikwisha kwenye hatua ya 20. Watu wawili wakapeana mikono, kila mmoja akachukua nusu pointi. Kwa karatasi, ni kitu kidogo sana.

Lakini angalieni kwanza ni nani walikaa pale. Mashindano ya Nottingham yalikuwa na wachezaji 15, na ndani yao watano walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa wa dunia, au ndiye bingwa wa siku ile, au atakuwa: Lasker, Capablanca, Alekhine, Euwe, na Botvinnik. Alekhine alikuwa na miaka 43. Mwaka uliotangulia alikuwa amenyanganywa taji na Euwe, kwa hiyo alifika kama mtu mwenye deni la kulipiza. Botvinnik alitimiza miaka 25 tarehe 17, mashindano yakiwa yanaendelea. Alikuwa kijana wa Leningrad, ingenieri wa mambo ya umeme. Minasema hivi makusudi: hakuwa mtu ambaye aliacha masomo juu ya mchezo. Alishika vyote viwili maisha yake yote, na mwaka 1951, akiwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia tangu 1948, alipata udaktari wa ingenieri. Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa jina kubwa lenye hasira, upande mwingine mhitimu kijana ambaye dunia ilikuwa inamwangalia ili ione kama sifa zake ni za kweli.

Sasa tuingie kwenye mfunguo, juu kesi yote ya mchezo huu iko mule.

Alekhine alisukuma pioni ya mfalme mpaka e4. Botvinnik alijibu c5. Huo ni mfunguo unaoitwa Wa Sisilia. Maana yake, kwa maneno rahisi: "Sitakufuata kama kioo. Wewe shika katikati, mimi nitakuvutia kutoka pembeni." Kiisha Botvinnik akasukuma pioni ya g hatua moja, akaweka askofu wake kwenye g7. (Wenzetu wa Kifaransa wanamwita huyu askofu mwenda wazimu; hapa tumwache na heshima yake.) Kutoka g7 askofu anaangalia ule mstari mrefu wa mshazari mpaka upande wa pili wa ubao. Mpango huu unaitwa Dragoni, yaani joka. Inasemwa ni Mrusi mmoja, Dus-Chotimirsky, mpenzi wa elimu ya nyota, aliyeupatia jina hilo, juu aliona pioni za kete nyeusi zimejipanga kama kundi la nyota la Joka mbinguni. Jina likabaki, na linafaa. Huu si mfunguo wa mtu anayetafuta amani.

Mpaka hatua ya tisa kila mtu alikuwa anapanga nyumba yake. Kwenye hatua ya tisa Botvinnik alimficha mfalme wake nyuma ya ngome. Mfalme wa Alekhine alikuwa bado amesimama katikati, kwenye e1, kama mtu ambaye hajaamua kulala wapi. Na katika hali hiyo, hatua ya 10, Alekhine akasukuma pioni ya g nafasi mbili: g4.

Simameni hapo kidogo. Hatua hii ni tusi na ni mwaliko. Inasema: "Sina haja ya kumficha mfalme wangu, juu wewe utakuwa umekufa kabla." Sheria ya wazee wa sataranji ni moja: mtu akikushambulia pembeni, wewe mpige katikati. Botvinnik akatii sheria, akasukuma d5. Alekhine hakurudi nyuma: f5. Askofu wa kete nyeusi aliyekuwa e6 akafukuzwa, akarudi c8, pale pale alipozaliwa. Kwa macho ya mgeni Botvinnik alikuwa amepoteza wakati bure. Pioni nyeupe zimeenea kama maji ya mvua kwenye avenyu isiyo na mifereji.

Hatua ya 12 Alekhine anakula pioni ya d5. Botvinnik hairudishi mara moja. Anaruka na farasi wake mpaka b4. Hapo njo penye roho ya mchezo inaanza. Ule farasi anaangalia c2 na d5, mwenzake wa f6 naye anaangalia d5 na g4. Kete nyeusi zilizoonekana zimefukuzwa, kumbe zote ziko macho.

Alekhine akajibu kwa ujanja: alisukuma pioni yake mpaka d6, akaitoa. Malkia mweusi akaila. Mara moja askofu mweupe akatua c5, akigonga malkia, na nyuma yake yule farasi wa b4. Vitu viwili kwa jiwe moja. Botvinnik alisimulia baadaye kwamba Alekhine alikuwa anacheza hatua hizi haraka haraka, kama mtu anayesoma kitu alichoandika nyumbani. Na haraka ile ilikuwa silaha nayo. Mnaijua hali hiyo. Ni ule mtu wa jury anayekuuliza swali huku anatabasamu, na katika tabasamu lake unaona kwamba jibu lote analo kwenye daftari, na wewe huna.

Kijana alikuwa na njia ya woga. Angeweza kubadilisha malkia kwa malkia kwenye d1. Lakini farasi wake wa b4 angebaki mdomoni mwa askofu, angelazimika kukimbia, na Alekhine angeendelea kusukuma bila wasiwasi, malkia hayupo tena wa kumsumbua mfalme wake. Wengi wangechagua hiyo. Ni hasara, lakini ni hasara ya heshima, hakuna atakayekucheka.

Botvinnik hakuichagua. Alimwingiza malkia wake f4, peke yake, katikati ya adui. Ngome nyeupe ikaja f1 kumfukuza. Malkia akakula pioni ya h2. Alekhine akamla farasi wa b4, bure kabisa. Na sasa, akiwa amepoteza farasi mmoja, Botvinnik akatoa wa pili: farasi wa f6 akakula pioni ya g4, pale ambapo askofu wa e2 alikuwa anamngojea. Askofu akamla.

Farasi wawili wamekwenda. Kwa nini?

Juu sasa malkia anaenda g3 na kumtishia mfalme, na kila mlango una mlinzi. Mfalme akienda e2, anaziba njia ya malkia wake mwenyewe aliyekuwa anamlinda askofu wa g4, na malkia mweusi anamla askofu huku anatishia tena. Mfalme akienda d2, joka linaamka: askofu wa g7 anaruka h6 na kumtishia, na kama mfalme akijaribu kukimbilia e2, malkia mweusi anatua e3, mchezo umekwisha, mfalme amekufa. Inabaki njia moja: ngome iingie f2 kumkinga. Kiisha malkia anaenda g1, anatishia tena. Ngome inarudi f1. Malkia anarudi g3. Ngome f2. Malkia g1. Wangeweza kufanya vile mpaka asubuhi. Wakapeana mikono.

Sasa angalieni ubao wa mwisho, juu mimi njo huo ulinifanya niandike. Alekhine ana kete zake kubwa zote. Zote! Malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili. Katika hatua 20 hakupoteza hata moja. Alipoteza pioni nne tu. Botvinnik amepoteza farasi wake wawili na pioni mbili. Kwa hesabu ya duka, mmoja ni tajiri na mwingine amefilisika. Na tajiri hawezi kufanya kitu. Mali yote imejaa nyumbani, na mwenye nyumba hawezi kutoka mlangoni.

Njo maana ninakataa kabisa hesabu ya yule anayeuliza "nani alishinda?" Swali lake linadhani kwamba sare ni nafasi tupu kati ya kushinda na kushindwa, kama vile hakuna kilichofanyika. Hapa kimefanyika kitu kikubwa. Mtu alikuja na shambulio lililopikwa vizuri. Mwingine akalipokea bila kukimbia, akatafuta ndani yake nukta moja ambapo halifanyi kazi, akailipia bei ghali. Nusu pointi ile ilinunuliwa kwa farasi wawili. Na haikupotea: mwisho wa mashindano Botvinnik aligawana nafasi ya kwanza na Capablanca, kila mmoja na pointi 10 kwa michezo 14, na Botvinnik hakushindwa hata mara moja. Alekhine alimaliza na pointi 9. Ukipiga hesabu kwa pointi hizo, utaona kwamba nusu pointi moja njo inayotenganisha wa kwanza na wanaomfuata, wale waliomaliza na 9 na nusu. Mtu asikuambie kwamba sare ni sifuri.

Huo ni utetezi. Sasa mashtaka.

La kwanza linamhusu Alekhine. Hatua ya 13, ile d6 ya kupendeza, ni hatua ya mtu anayependa kupiga makofi kwa kazi yake mwenyewe. Inafungua milango yote, na milango ikifunguka mfalme wake yuko katikati. Miaka 25 baadaye, mwaka 1961, Bobby Fischer alicheza na Samuel Reshevsky. Katika mchezo wa pili wa shindano lao wakafika pale pale. Fischer hakusukuma d6. Aliweka askofu wake f3, kimya kimya, akilinda pioni ya d5 na kukaza nyumba kwanza. Akashinda. Na jambo ambalo linanichekesha kila mara: Reshevsky alikuwa Nottingham mwaka 1936, mmoja wa wale 15. Mtu aliyekuwa katika mashindano yale njo aliyekuja kulipa bili miaka 25 baadaye.

Hatua ya Fischer inatufundisha namna ya kuusoma mchezo wa Nottingham. Sare ile haikuwa ukweli wa mwisho juu ya mfunguo. Ilikuwa ukweli wa mtu aliyecheza d6. Botvinnik alijibu swali alilowekewa, na alilijibu kwa ukamilifu. Swali lililo bora kuliko hilo lilikuwa bado halijaulizwa. Kazi nzuri ya akili ni hivyo mara nyingi.

Shtaka la pili ni zito zaidi, na halimhusu Alekhine wala Botvinnik. Linatuhusu sisi tuliokuja nyuma.

Mchezo huu ulipochapishwa ukajulikana, kiisha ukakopiwa. Wachezaji wakubwa na wadogo wakagundua kwamba hapa kuna njia iliyokwisha kutengenezwa, hatua 20, ambayo mwisho wake ni nusu pointi kwa kila mmoja. Hauhitaji kufikiri. Wawili ambao hawataki kupigana siku ile wanaketi, wanatoa farasi wao "kwa ushujaa", wanazungusha malkia g3, g1, g3, g1, wanatia sahihi, wanaenda kula. Ukiweka karatasi mbili pamoja, ya Nottingham na ya hao wengine, hautaona tofauti hata ya nukta. Kete zile zile, nafasi zile zile, matokeo yale yale.

Kuna waliojaribu kuzuia sare za namna hii. Kwenye mashindano ya Sofia, Bulgaria, mwaka 2005, waliweka sheria kwamba wachezaji hawaruhusiwi kukubaliana sare wao wenyewe kwa kupeana mikono. Sheria nzuri. Lakini sheria haiwezi kumkataza malkia kurudia g3 na g1; kutishia mfalme bila mwisho ni sehemu ya mchezo. Kwa hiyo sare ya Nottingham inapita hata pale. Ina karatasi zote halali. Mwamuzi ataona farasi wawili wametolewa na hatakuwa na la kusema.

Hapo njo swali langu kwenu, watu wa diploma. Kama hatua ni zile zile, kwa nini ya kwanza tunaiita ushujaa na ya pili tunaiita uvivu?

Kuna mtu atasema: hakuna tofauti, kazi ni kazi, tuangalie kilicho kwenye karatasi. Ninamwelewa. Ni hoja ya yule anayechukua TFC ya mkubwa wake wa miaka mitano iliyopita, anabadilisha jina la mtaa kwenye ukurasa wa kwanza, anaipeleka mbele ya jury. Ukimuuliza anasema: "Lakini maneno ni mazuri, si ndiyo? Walimpa yule alama nzuri, mimi kwa nini wanininyime?" Na kwa karatasi ana haki. Maneno ni mazuri kweli.

Mimi ninajibu hivi. Kinachotolewa kwenye hatua ya 16 ya Nottingham ni kitu zaidi ya farasi. Botvinnik alimtoa bila kujua kwa hakika kama atarudi salama. Angekosa kuona mlango mmoja, mlango mmoja tu, angekuwa na kete mbili chini mbele ya mtu mkali kuliko wote katika kushambulia, na magazeti yangeandika kwamba kijana wa Leningrad hakuwa tayari. Hatari ile ni sehemu ya hatua. Haionekani kwenye karatasi, kama vile jasho halionekani kwenye mukate. Anayekopi anachukua hatua bila hatari, na hatua bila hatari ni hatua nyingine, hata kama inaandikwa sawasawa.

Sitaki nimuhukumu kila mtu aliyepita njia hii. Mashindano ni marefu, mwili unachoka, na mtu ana haki ya kupumzika siku moja. Kujifunza mfunguo kwa kichwa si dhambi pia. Botvinnik mwenyewe alisifika kwa namna alivyojitayarisha nyumbani, kama ingenieri. Shida inaanza pale ambapo mtu anajua hatua 20 na hajui kwa nini mfalme hawezi kwenda d2. Mtu wa namna hiyo ni tajiri kama Alekhine kwenye ubao wa mwisho: ana kila kitu, na hawezi kutoka mlangoni.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo. Chukueni ubao, au hata simu, lakini ile programu ya kuhesabu muizime. Yenyewe itawaonyesha sifuri kwa sekunde moja na kuwanyima raha yote. Pangeni kete mpaka hatua ya 14, askofu mweupe akiwa c5. Kaeni upande wa kete nyeusi. Farasi wenu wa b4 anakaribia kuliwa, malkia wenu anagongwa, na mbele yenu kuna mtu aliyekuwa bingwa wa dunia ambaye amecheza haraka kama anayejua kila kitu. Musitafute jibu kwenye kumbukumbu. Tafuteni kwa macho.

Kiisha rudini nyuma hatua moja, mpaka ya 13, mukae upande wa Alekhine, na mujiulize kama mungekuwa na uvumilivu wa kutocheza ile d6 ya kupendeza. Mukipata jibu, andikeni sababu zenu hapa chini, si hatua peke yake.